Mapenzi ya binadamu na watu wa majini: kwenye hizi riwaya wanaachana kwa sababu gani hasa?

Tuanze na neno lenyewe maana ndo linaloleta fujo yote. Mwambie mtu hapa Kampala kwamba unasoma vitabu vya mapenzi ya binadamu na watu wa majini, yeye anasikia majini yale yanayokemewa kwenye mikesha ya maombi, na akishasikia hivo hakusikilizi tena. Kiswahili kimetuwekea mtego hapo: majini ni ndani ya maji, alafu majini ni wingi wa jini, yanaandikwa sawa, yanatamkwa sawa. Mimi nilishachomewa kitabu kwa sababu hiyo. Nilikuwa bweni, sinia ya pili, yaani kidato cha pili, matroni akakikuta chini ya godoro, jalada lina mwanamke mwenye mkia wa samaki, hakufungua hata ukurasa mmoja, akakipeleka nyuma ya jiko kwenye moto wa kupikia posho, yaani ugali, na kilikuwa kimebaki kama kurasa arobaini tu nimalize. Ile harufu ya gundi ya kitabu inayoungua naikumbuka mpaka leo.

Tangu hapo nimesoma vingi sana vya aina hii, siku hizi karibu vyote kwenye simu, na kila nikieleza mtu naona wanakwama palepale, wanakwama kwenye mkia. Anazaaje, analalaje, anakula nini. Ni maswali halali na watunzi wenyewe wanayajibu, ila kama unataka kuelewa kwa nini watu wanalia usiku wakisoma hivi vitabu, mkia hautakusaidia. Angalia wanaachana kwa nini.

Maana kuna kitu kimoja lazima ukijue kuhusu riwaya za mapenzi kwa ujumla. Zina sheria mbili ambazo wasomaji wake hawasamehe zikivunjwa: mapenzi yawe ndo stori yenyewe, sio kachumbari ya pembeni, na mwisho wawe pamoja, kwa furaha au angalau kwa matumaini. Mtunzi akiwatenganisha mwishoni amepata riwaya, inaweza kuwa nzuri sana, ila sio ya mapenzi kwa maana ya hawa wasomaji. Sasa shida ni kwamba hadithi za zamani za watu wa majini karibu zote zinaishia kwa kuachana. Mmoja anarudi majini, mmoja anabaki ufukweni anaita. Kwa hiyo mtunzi wa leo anachukua hadithi iliyovunjika miaka mia kadhaa iliyopita na anajaribu kuiunga, na ili aiunge inabidi ajue ilivunjikia wapi.

Kabla sijafika huko nipitie haraka nani ni nani, maana watu wanawachanganya. Nguva kwa Kiswahili ni mnyama wa kweli kabisa, yuko Bahari ya Hindi, anakula nyasi za baharini, anafika mita tatu, na jamaa zake wa karibu nchi kavu ni tembo. Jike lake lina matiti mawili kifuani, ndo maana mabaharia wakimwona kwa mbali walidhani ni mwanamke. Columbus mwenyewe Januari 1493 aliandika kuwa ameona watatu na hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa, inaaminika hao walikuwa binamu wa nguva wanaoishi upande wa mabara ya Amerika. Jina hilohilo ndo tumempa yule wa hadithi, nusu mtu nusu samaki. Wale waimbaji wa Wagiriki wa kale waliokuwa wanavuta mabaharia kwa sauti walichorwa na miili ya ndege, mabawa na kucha, mkia wa samaki waliwekewa baadaye sana, Ulaya ya Zama za Kati. Alafu kuna watu-sili wa Scotland, visiwa vya Orkney na Shetland, na Ireland pia, hawa wanavua ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini, wakifika ufukweni wanabaki binadamu kamili. Na siku hizi kuna miungu ya bahari, kuna pweza wakubwa, kuna viumbe wenye mapezi mgongoni wasio na jina lolote. Wote wanaingia kwenye kapu moja.

Sasa turudi kwenye kuachana. Nitakupa hadithi tatu, ya kwanza ni ya hapahapa kwenye ziwa letu, Ziwa Victoria.

Mi nimekulia Busia, upande wa Uganda, na pale mpakani Kiswahili ndo lugha ya soko. Kulikuwa na mama mmoja Mjaluo ametoka upande wa Kenya, anauza mitumba pembeni ya meza ya mama yangu, na jua likizidi wateja wakipungua anatusimulia habari za Nyamgondho mwana wa Ombare. Jamaa alikuwa mvuvi maskini wa Gwassi, kando ya ziwa upande wa Kenya, siku moja akavuta nyavu zake badala ya samaki akatoa mwanamke. Sio mrembo, wengine wanasema alikuwa mzee tena chongo. Akamwambia nipeleke kwako. Akampeleka, na kulipokucha boma limejaa ng'ombe na mbuzi. Nyamgondho akatajirika, akaoa wake wengine, akaanza pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa, akachelewa kufunguliwa lango, akafoka kwa sauti watu wote wanasikia: kwani wewe ni nani, si mimi niliyekutoa kwenye maji? Yule mama hakujibu kitu. Aliamka akaanza kutembea kuelekea ziwani na mifugo yote ikamfuata, ng'ombe, mbuzi, kuku, wote wakazama. Nyamgondho akabaki amesimama ameegemea fimbo yake mpaka akageuka mti. Kule Nyandiwa bado watu wanaonyesha alama kwenye mawe wanasema ni kwato za wale ng'ombe.

Ya pili ni ya Ufaransa. Kama mwaka 1393 jamaa anaitwa Jean d'Arras aliandika habari za Melusine, bibi wa ukoo wa Lusignan. Anaolewa na Raymondin kwa sharti moja, kila Jumamosi asimchungulie. Anamjengea ngome, anamzalia watoto wa kiume wengi. Raymondin siku moja anachungulia, anamkuta anaoga na kuanzia kiunoni kwenda chini ni nyoka. Watu wengi wanadhani hapo ndo mwisho. Hapana! Mume ananyamaza, mke anajua na anamsamehe, wanaendelea kuishi. Wanaachana baadaye, pale mtoto wao mmoja anapochoma nyumba ya watawa na ndugu yake yumo ndani, na baba kwa uchungu anamgeukia mke mbele za watu anamwita nyoka, yaani watoto wameharibika kwa sababu ya damu yako. Mke akapaa akatokea dirishani.

Ya tatu ni ya Ujerumani, 1811, Fouqué na Undine wake. Huyu ni binti wa majini ameolewa na askari wa farasi anaitwa Huldbrand. Sharti hapa ni kwamba asimgombeze wakiwa juu ya maji, kwa sababu ndugu zake wanasikia. Hili wazo Fouqué alilitoa kwa Paracelsus, tabibu wa Uswisi aliyekufa 1541, ambaye aliandika kabisa kwamba watu wa maji hawana roho mpaka waolewe na binadamu, na kwamba ukimuudhi mke wa aina hiyo mkiwa kwenye maji anatoweka. Basi Huldbrand, wako kwenye boti mto Danube, mke anainua mkufu wa marijani kutoka mtoni ampe rafiki yake aliyenyang'anywa wake, mume anaunyakua anautupa na kumfokea akae basi na hao ndugu zake na zawadi zao, awaache binadamu wapumue. Analia, anateleza nje ya boti, kwisha.

Ona sasa. Ziwa letu, Ufaransa, Ujerumani. Wale wa ziwani na wale wa Ulaya hawakuambizana. Na wote watatu wameachwa kwa kosa lilelile ambalo Kiswahili kina jina lake kabisa, masimango. Wote walikuwa wanajua mke katoka wapi, Nyamgondho kamtoa mwenyewe kwenye nyavu, Raymondin kashaona mkia, Huldbrand aliambiwa siku ya kwanza baada ya harusi. Walijua na waliishi nae na walikula vyake. Kilichomwondoa mke ni siku ambayo mume ameichukua asili yake akamtupia usoni mbele za watu.

Mimi nilipoligundua hili nilifunga simu nikakaa kimya muda mrefu, kwa sababu ni kitu nimekiona kwenye ndoa za watu ninaowajua kabisa. Mwanamke kaolewa mbali na kwao, kabila lingine, lugha nyingine, anapika vizuri anazaa vizuri, siku ugali umeungua anaambiwa nyie watu wa huko ndo mlivyo. Hizi hadithi zilitungwa na watu waliokuwa wanaishi hayo. Kuolewa ni kuhama, na aliyehama ndo anayeweza kusimangwa, mwenyeji hasimangwi.

Ya watu-sili ni nzito zaidi na hapo sina budi kusema wazi, ile sio ndoa. Mwanamume anamkuta ufukweni amevua ngozi yake, anaiba ngozi, anaificha darini au kwenye sanduku, na yule mwanamke anakosa njia ya kurudi kwao kwa hiyo anaolewa. Miaka inapita, mara nyingi mtoto mdogo ndo anaiona ngozi, anamuuliza mama hii nini, na mama anaivaa siku hiyohiyo anaondoka. Wazee wa Orkney walisimulia kama hadithi ya huzuni ya mume aliyeachwa. Watunzi wa sasa, wengi wao wanawake, wameigeuza: kwenye riwaya nzuri za watu-sili leo, mwanamume anayeficha ngozi ndo mtu mbaya wa kitabu, na mpenzi wa kweli ni yule anayeikuta ngozi, anajua ni nini, na anairudisha ilipokuwa. Nimesoma moja ambayo mwanamume aliikuta imelowa akaianika kivulini ili isipasuke, hakusema kitu, na mwanamke alipoikuta imekauka vizuri ndo akaelewa kwamba huyu kajua toka lini na hajaigusa tena. Ukurasa ule hauna hata busu moja lakini mimi nilitetemeka.

Na Andersen je, yule mtunzi wa Denmark aliyeandika habari za binti nguva mwaka 1837? Watu wengi wanajua katuni ya 1989 ambapo wanaoana, lakini kitabuni binti anakatwa ulimi, kila hatua anayokanyaga ni kama anakanyaga visu, mwana wa mfalme anaoa mwingine, dada zake wanauza nywele zao wampatie kisu amuue ndo apone, na yeye anakitupa kisu baharini anageuka povu, kisha roho ya hewa. Pale hakuna masimango kwa sababu mwana wa mfalme hajawahi hata kujua. Yeye amelipa kila kitu na mwenzake hajui kama kuna deni. Kwa maoni yangu hiyo ndo mbaya kuliko zote, na ndo sababu riwaya mpya karibu zote zinagombana na Andersen kwenye jambo moja, kwamba huwezi kuwa na mapenzi ambayo mmoja ndo amehama, amekatwa ulimi, amelipa, na mwingine yuko kwao anakula.

Kwa hiyo ukisoma hivi vitabu swali la kuuliza ni nani anahama na analipa nini. Kuna watunzi wanatoa jibu jepesi, kiumbe anakauka anaota miguu, akilowa mkia unarudi, hapo hakuna anayelipa kitu. Kuna wanaompa binadamu matamvua kwa uchawi, anabusiwa tu tayari anapumua chini ya maji, hizo mimi huwa nazifunga maana mtunzi kakwepa kazi. Zinazonishika ni zile wanazoishi mpakani, kisiwa kidogo, nyumba ya mnara wa taa, chumba kimoja kina mlango wa kushuka majini, nusu mwaka huku nusu mwaka kule, na kila mmoja ana siku ambazo yuko ugenini na anategemea mwenzake asimcheke. Mimi wa Busia, mpaka naujua, najua mtu anaweza kula mchana Kenya akalala Uganda na akawa mzima.

Kitu kingine ambacho hizi riwaya zinafanya vizuri ni woga. Niliwahi kusoma moja nikiwa kwenye feri ya Bukakata kwenda Luku, naenda Kalangala msibani, na mimi sijui kuogelea kama watu wengi tu tunaopanda ile feri. Nimefika mahali ambapo mwanamke anashikwa mkono kushuka chini kwenye giza la maji, anaambiwa utapumua nikipumua, nikanyanyua macho nikaona yale maji ya Nalubaale, ndo jina la Waganda la ziwa letu, meusi chini ya chuma, nikaelewa kwa mwili kile kitabu kilikuwa kinasema nini. Juu ya nchi kavu binadamu ndo mwenyeji na mwenye sauti. Chini kule hana kitu, hata pumzi ni ya kuazima. Mapenzi mengi kwenye riwaya za kawaida mwanamume ana hela na nyumba na gari na mwanamke hana, tumezoea. Huku mizani inageuka mara mbili kwenye kitabu kimoja, na unaona kila mmoja anafanya nini akiwa yeye ndo mwenye hewa. Ndo pale unapomjua mtu.

Najua wengine bado wana wasiwasi wa dini na siwezi kuupita. Ile picha iliyo kichwani mwa wengi wetu, mwanamke mwenye nywele ndefu na nyoka shingoni anayempa mtu utajiri kisha anamdai roho, ni Mami Wata, na huyo ni wa Afrika Magharibi, sisi tumemwona sana kwenye filamu za Kinaijeria ndani ya vibanda vya video, VJ anatafsiri kwa Kiganda tunapiga kelele. Na picha yenyewe ilichapwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880, ni mwanamke mcheza nyoka wa maonyesho, ikasafiri na wafanyabiashara ikakutana na imani za maji zilizokuwepo tayari. Kwenye ziwa letu mambo yalikuwa tofauti. Waganda walikuwa na Mukasa, lubaale, yaani mungu, wa ziwa, kao lake Bubembe kwenye visiwa vya Ssese, alama yake kasia, na watu walimwendea kuomba watoto na samaki. Mkewe Nalwanga kwa masimulizi yao alikuwa chatu. Simwambii mtu aabudu, mimi mwenyewe Jumapili niko kanisani, nasema tu kwamba wazo la ndoa inayovuka maji tulikuwa nalo hapa kabla ya Speke, yule mpelelezi Mwingereza, hajaja 1858 kuliita ziwa jina la malkia wake, na halikuwa wazo la kutisha. Ogopa ukitaka, lakini ujue ni kipi hasa unaogopa.

Juzi nilikuwa mwaloni Ggaba kununua ngege. Mama ninayenunua kwake ameniona mara nyingi nasoma nikisubiri, akaniuliza dada, hicho kitabu hakiishi? Nikamwambia ni kingine, nikamweleza kidogo, nilitegemea acheke. Hakucheka. Alikuwa anaparua samaki, magamba yanaruka mpaka kwenye lesu yake, akaniambia nisimulie basi mmoja na mimi nikamsimulia Melusine mwanzo mpaka mwisho, sharti, Jumamosi, kuchungulia, mpaka kuitwa nyoka. Pale kwenye kuitwa nyoka akasema eeh, kwa sauti ya chini, akaendelea kuparua.

Alafu akauliza kitu ambacho mimi katika kusoma kwangu kote sikuwahi kukipa uzito. Na watoto? Aliacha wadogo?

Nikamwambia waliobaki wadogo walikuwa wawili, mmoja ananyonya. Na kwamba kitabu kinasema alikuwa anarudi usiku. Wayaya walikuwa wanamwona, anaingia chumbani, anawapasha joto wanawe kwenye moto, ananyonyesha, anawarudisha kitandani, anaondoka, na baba yao hakumwona tena hata siku moja.

Akasimamisha kisu. Akaniuliza, walikuwa wanamfungulia mlango au anapita mwenyewe? Nikamwambia kitabu hakisemi, lakini naamini walikuwa wanamfungulia. Akasema, wangekuwa wanafungua. Akanifungia ngege wangu kwenye kaveera, akaongeza mmoja mdogo juu bila kunidai, akaniambia nikirudi Jumamosi nimletee yule wa Danube.